Leseni Iliyobaki Namasakata

Mimi ndiye Kastori Hyera, fundi kompyuta wa Bombambili, na kama hujawahi kunisikia basi umehamia Songea juzi. Shule niliachia darasa la tano. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Nasema ili mjue kwamba nyumba yangu ya Mjimwema, yenye bati la rangi na kisima chake, imejengwa kwa bisibisi, na watoto wangu wamesoma kwa bisibisi hiyo hiyo. Wakati wenzangu wanasubiri kuajiriwa, mimi nilikuwa nimeshafungua kompyuta za nusu ya mji huu na kuzifunga zikiwa nzima.

Sasa nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha. Skrubu za laptop ndizo zilianza kupungua ukubwa, au macho yangu ndiyo, chagueni nyie. Kibanda nimeuza, nalima mahindi na ninakula nyama. Lakini wiki iliyopita nilipita kwa fundi mmoja kijana pale karibu na soko, nikamsikia anamwambia mama wa watu, "Mama, leseni za nini? Nakuchakachulia hapa hapa, unaondoka nayo inawaka." Yule mama akacheka, akakubali. Nikasimama pale barabarani kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Nikasema hapana, hawa vijana lazima niwaandikie. Atakayesoma asome, atakayekataa akaendelee kuchakachua mpaka siku atakapokutana na mteja kama Zuhura.

Zuhura nitamfikia. Kwanza mjue nimetoka wapi.

Nilifundishwa na mzee mmoja wa redio, Mzee Gaspari, mtu mfupi mwenye sigara isiyowaka mdomoni. Hakunifundisha kompyuta, maana yeye mwenyewe aliziogopa, aliita ni televisheni zenye kiburi. Lakini alinifundisha kitu kimoja ambacho nyie mafundi wa kuangalia video za simu hamkijui. Mteja akileta redio, Mzee Gaspari haigusi. Anauliza, "Kabla ya kufa ilifanya nini?" Mteja anajibu, "Ilikufa tu." "Hapana bwana, hakuna kinachokufa tu. Ulikuwa umeihamisha? Ulikuwa umeichomeka wapi?" Anahoji kama polisi. Mara nyingi jibu lilikuwa pale kwenye maneno, na bisibisi ilikuwa ya kumaliza kazi tu.

Nilipoingia kwenye kompyuta nilisahau somo hilo na likanirudia kwa kishindo. Zile kompyuta za mezani zilizotumika Ulaya na kwingineko, zikaletwa kwetu zimefungwa na nailoni, nyingi nyuma zilikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua nguvu ya umeme. Siku hiyo duka limejaa watu, najisifia kama kawaida yangu, nikaichomeka moja bila kutazama ile swichi. Iko kwenye umeme mdogo, na umeme wetu ni mkubwa. Ikapiga! Moshi, harufu, watu nje, mama mmoja amekanyaga beseni la maandazi la jirani. Mzee Gaspari akaja kuchungulia, akauliza taratibu, "Kabla ya kufa ilifanya nini?" Nikasema, "Ilikutana na mimi." Alicheka mpaka sigara ikadondoka.

Basi. Tangu siku hiyo natazama nyuma ya mashine kabla sijatazama mbele.

Sasa Zuhura. Alikuwa amepanga nyumba ya pili kutoka kibanda changu. Myao wa kule Tunduru, mwanamke mpole, lakini upole wake una mfupa ndani. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, hawezi hata kujigeuza kitandani. Kwa hiyo Zuhura hakuweza kuacha nyumba akafanye kazi mjini. Akatafuta kazi ya kufanyia nyumbani, na akaipata. Ofisi moja ya Dar es Salaam ilikuwa inamtumia sauti za watu waliohojiwa, wajane, wagonjwa, watu wenye mambo yao mazito, naye anavaa hedifoni, anasikiliza na kuandika neno kwa neno. Kazi ya masikio na vidole. Walilipa vizuri, na wakati wa mapumziko anamgeuza mama.

Ila walimpa sharti. Mashine iwe yake mwenyewe, asishirikiane na mtu, na Windows iwe halali, yenye leseni ya kununua. Walisema hizi za kuchakachua zinaingia na virusi, na virusi vinabeba siri za watu waliojieleza kwa machozi. Zuhura aliagiza leseni yake Dar, ile inayouzwa peke yake kwenye kiboksi, ndani kuna kadi yenye herufi na namba. Kadi ile aliihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya mama.

Wakati ninaosema, Windows ya kumi ndiyo ilikuwa imeshika mji. Ofisi ikabadilisha programu yao, ikawa nzito, na mashine ya Zuhura ikawa inatembea kama mgonjwa. Akaja kwangu.

"Kaka Kastori, hii imechoka. Nifanyeje?"

"Nakujengea nyingine. Mazabodi mpya, ule ubao mkuu wa ndani, prosesa mpya, ramu ya kutosha, boksi jipya. Diski yako ni nzuri, tunaihamisha na mambo yako yote yaliyomo."

"Na leseni?"

Nikamjibu kwa sauti ya bingwa, "Dada, Windows inakaa kwenye diski. Diski ikihama, kila kitu kimehama."

Vijana, shikeni hapo. Hivyo ndivyo tulivyoamini mafundi wote wa mji huu, na nawajua wanaoamini mpaka leo. Programu inakaa kwenye diski, ndiyo. Lakini leseni ikishakubaliwa inaishika sura ya mashine, na sura ya mashine ni mazabodi. Badilisha ramu, badilisha diski, badilisha hata boksi, itakutambua. Badilisha mazabodi, inakutazama kama mgeni.

Mimi sikujua. Nikajenga mashine, na ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya, hata leo nikiifikiria natabasamu. Ile ya zamani Zuhura akasema inakwenda kwa mjomba wake, Namasakata. Mjomba alikuwa na kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu na kuchapa kadi za mialiko ya jando, anatumia laptop iliyovunjika kioo. Kwa Wayao mjomba ni mtu mkubwa, anapita baba kwenye mambo mengi. Kwa hiyo nikataka mzee apokee kitu kilicho tayari. Nikachukua diski nyingine ndogo, nikanakili humo diski ya Zuhura yote, nikafuta mafaili yake ya kazi mpaka nikahakikisha hayarudi, nikaifunga kwenye boksi la zamani. Ikapanda basi la Tunduru. Mjomba akapiga simu kushukuru, akasema inawaka kama taa ya mnara.

Alhamisi Zuhura akaja mbio, kanga ya kichwani imekaa upande.

"Kaka Kastori, haya maandishi yametoka wapi?"

"Maandishi gani?"

"Kwenye kona ya kioo. Yanasema Windows yangu haina leseni. Na Jumatatu wataalamu wa ofisi wanaingia kwenye mashine za watu wote, kwa mtandao, wanakagua. Atakayekutwa hana leseni mkataba wake unapewa mwingine. Wameshatuandikia."

Nikaenda. Nikakaa mbele ya ile mashine niliyoijenga kwa mikono yangu, na yenyewe inanikana. Nikaingiza namba za kadi. Ikakataa. Nikaingiza tena taratibu, Zuhura ananisomea. Ikakataa. Ndipo nikakumbuka Mzee Gaspari, nikajihoji mwenyewe. Kabla ya kufa ilifanya nini? Ilibadilishwa mazabodi. Na ile mazabodi ya zamani iko wapi? Iko Namasakata, inachapa kadi za jando, na leseni imeikumbatia.

Kununua nyingine? Akiba yote ya Zuhura ilikuwa imelala kwenye mashine mpya, na maboksi halisi hayakuwa yakipatikana hapa mjini. Kuchakachua? Ninajua njia zote, msinitanie. Lakini wakaguzi walikuwa wanatafuta hicho hicho.

Kuna namba ya simu ya kupiga leseni ikigoma. Sauti ya mashine inakuuliza maswali kwa Kiingereza, unajibu kwa kubonyeza. Kiingereza changu ni cha kwenye kioo, ndiyo, hapana, endelea, ghairi. Nikaweka spika, Zuhura akawa ananitafsiria, maana yeye masikio ndiyo kazi yake.

"Anauliza leseni hii imewekwa kwenye kompyuta ngapi."

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye moja.

"Ziko mbili," akasema Zuhura.

"Nani atajua? Ukisema moja wanakupa namba za kupita, tumemaliza."

"Mimi nitajua. Na wewe utajua. Na ile ya mjomba ikiendelea kuitumia, siku moja si watagundua wanizimie katikati ya kazi? Kata simu, kaka."

Mama yake akasema kutoka kitandani, maneno yake mazito kwa ule ugonjwa, "Kata."

Nikakata. Mtanisema kwamba walinizuia wanawake wawili. Sawa, lakini simu ilikuwa yangu na salio lilikuwa langu, na aliyekata ni mimi.

Nikamwambia, "Basi mpigie mjomba. Mwambie aitoe leseni kwenye ile mashine, nitamwelekeza kwa simu. Ni amri moja tu ya kuandika."

Akanitazama kama nimemwambia aibe viatu vya mzee msikitini. "Nimwambie nini? Mjomba, nirudishie nilichokupa?"

"Si kitu, ni leseni tu. Haishikiki hata."

"Ndiyo mbaya zaidi. Nimempa ng'ombe halafu namwomba roho ya ng'ombe. Mimi siwezi, kaka Kastori. Nikisema neno hilo, mwaka huu mzima litasemwa ukoo mzima. Heri kazi iende."

Alisema hivyo huku anamgeuza mama yake, anamwekea mto mgongoni, na mimi nikaona kwamba hatanii. Kazi ingekwenda kweli, na yule mama angebaki anageuzwa na mtu asiye na kitu. Nikasimama.

"Wewe huwezi kwa sababu wewe ni mpwa. Mimi ni Mngoni. Kwa Myao mimi ni mtani. Mtani anaweza kuingia jikoni akafunua sufuria."

"Utakwenda Namasakata kwa ajili ya leseni?"

"Nilisema mashine yako itakuwa halali. Mimi nikisema nimesema."

Ijumaa asubuhi nikapanda basi la Tunduru, begi langu la vifaa mapajani. Kutoka njia kuu nikachukua bodaboda mpaka Namasakata, mashamba ya korosho huku na huku, vumbi mpaka kwenye meno. Nikamkuta mzee anatoka kuswali Ijumaa, kanzu nyeupe, mrefu, ndevu zimechongwa vizuri. Ndiye mjomba, Mzee Yasini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Songea. Mimi ndiye fundi aliyekutumia ile mashine. Kastori Hyera."

Akasimama. "Hyera? Mngoni?" Akageuka akamwita mkewe kwa sauti ya kusikika msikiti mzima, "Somoe! Funga kuku, Mngoni amefika!"

Watu wakacheka, na mimi nikajua nimepokelewa. Nikajibu, "Kuku wenu bakini nao, wamekonda kwa kusikiliza nyimbo zenu."

Tukakaa nje ya kibanda chake. Bi Somoe akaleta maji na ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho. Nikala kwanza. Fundi asiyekula kwa mteja haaminiki. Nilipomaliza nikaeleza shida yote bila kuzunguka, kazi ya Zuhura, ukaguzi wa Jumatatu, leseni iliyobaki huku.

Mzee Yasini alisikiliza, kisha akasema, "Babu zenu walikuja huku na mikuki, wakabeba mahindi na watu. Wewe umekuja na bisibisi, unabeba Windows."

"Tumestaarabika, mzee."

"Mbona hajanipigia mwenyewe?"

"Hawezi."

"Kwa nini hawezi? Simu anayo."

"Kwa sababu wewe ni mjomba."

Akachezea ncha ya kanzu. Jibu lilimfurahisha, lakini hakutaka nione. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili. "Ukiitoa hiyo leseni, mashine yangu itazimika?"

Hapo ningeweza kumdanganya. Nikamwambia ilivyo. "Haitazimika. Itaendelea kuchapa. Ila kwenye kona kutakuwa na maandishi kwamba haina leseni, hayatoki, na hata picha ya nyuma hutaweza kubadilisha kirahisi."

"Maandishi hayo yanasomeka?"

"Yanasomeka."

"Na mimi wateja wangu wanakaa hapa," akagonga benchi, "wanatazama kioo nikiwaandikia kadi za jando la watoto wao. Kwa hiyo kila mtu atasoma kwamba Yasini anatumia mali ya wizi. Mimi ninayewasimamia vijana wao." Akatikisa kichwa. "Afadhali izimike, fundi. Kitu kilichozimika hakina aibu."

Sasa nilikuwa na watu wawili, mmoja Bombambili na mmoja hapa mbele yangu, na leseni moja. Nikimpa huyu namnyima yule. Lakini sikuwa na mpango wa kupanda bodaboda bila jibu. Nikasema, "Nionyeshe mashine."

Akanipeleka ndani. Jamani! Bi Somoe alikuwa ameishonea mashine nguo. Kitambaa cha kufuma, maua mekundu, kimeizunguka pande zote na juu kina kifuniko chenye shada. Imevaa kuliko bibi harusi. Nikaweka mkono, moto kama jiko la mkaa.

"Mama, hii inapumulia hapa na hapa. Mmeiziba pua."

"Vumbi, mwanangu," akasema Bi Somoe. "Huku kwetu vumbi."

"Vumbi lipanguseni kila siku kwa brashi laini, imezimwa. Nguo mvisheni usiku ikilala. Mchana akiwa kazini avuliwe."

Mzee Yasini akasema, "Mngoni anataka kumvua mke wa mtu nguo mchana." Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Nikaivua. Chini ya ile nguo, ubavuni, kulikuwa na lebo ya bei ya duka lililoiuza, imekauka na joto, imeanza kubanduka. Nikaimalizia kwa kucha. Chini yake kukatokea kibandiko kingine, kidogo, cha rangi ya buluu na kijani chenye maandishi madogo madogo. Kibandiko cha leseni cha kiwandani.

Nilikaa chini. Mashine hizi za mezani zilizotumika nje, zilizokuwa za maofisi ya watu, nyingi zilikuja zimebandikwa leseni zake. Sisi tulikuwa tunavipita vibandiko vile kama picha za mapambo, tunafungua boksi na kupiga Windows zetu za kuchakachua. Mashine hii ilikuwa na leseni yake tangu siku ya kwanza. Zuhura alinunua ya pili bila kujua, na mimi niliyejiita bingwa sikumwambia.

Sikilizeni sasa, hili ndilo nililotaka mlijue. Leseni si za aina moja. Iliyobandikwa kwenye boksi na kiwanda ni ya mashine ile, inazaliwa nayo na inakufa nayo, huwezi kuihamishia mazabodi nyingine. Iliyonunuliwa peke yake kwenye kiboksi ni ya mtu. Mwenyewe akibadilisha mashine anahama nayo, mradi aitoe kwanza kule ilikokuwa. Ya mashine ibaki na mashine, ya mtu iende na mtu. Nilimweleza mzee hivyo hivyo.

Akafikiri. "Kama shamba la ukoo na kibarua. Shamba linabaki, kibarua anaondoka na jembe lake."

"Mzee, ungekuwa fundi."

"Ningekuwa, lakini nilizaliwa na busara."

Kazi haikuwa rahisi. Kibandiko kilikuwa kimesuguliwa. Nikapiga picha kwa simu, mzee ananimulikia tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, maana mwanga wa mbele unafuta wino. Nikaikuza picha. Na hapa mchukue ujanja wangu wa bure. Kwenye namba zile za kiwanda hakuna O wala sifuri, hakuna I wala moja, hakuna S wala tano. Ukiona duara si O, ni Q au D iliyochakaa. Nikabakiwa na sehemu moja tu yenye utata, ama B ama nane.

Nikaandika ile amri fupi ya kutoa leseni ya Zuhura. Kona ya kioo ikaandika maneno yale. Bi Somoe akayaona, akaweka mkono mdomoni. Mzee Yasini akaenda kusimama mlangoni, akauziba kwa kanzu yake ili mpita njia asione ndani.

Nikaingiza namba za kibandiko kwa B. Ikakataa.

"Fundi," akasema mzee bila kugeuka, "sasa mpwa wangu hana na mimi sina."

"Subiri mzee."

"Nasubiri. Nimesimama mlangoni mwangu kama mlinzi wa mwizi, nasubiri."

Nikaingiza kwa nane. Intaneti tulikuwa tunachukua kwenye simu yake iliyowekwa dirishani, mtandao unakuja na kuondoka. Duara likazunguka kioo, likasimama, likazunguka. Kisha maandishi ya kona yakaondoka yenyewe. Mzee akageuka kwa sababu mkewe alipiga kigelegele.

Niwaonye hapo. Ile mashine ilizaliwa na Windows ya saba, na enzi hizo namba ya saba ilikuwa bado inakubalika kuingia kwenye ya kumi. Mlango ule, wenye Windows wenyewe wameshaufunga. Msiende kuwaahidi watu. Siku hizi leseni nyingi unaifunga kwenye akaunti ya mteja, na akibadilisha mazabodi anaingia kwenye akaunti yake na kusema nimebadilisha kifaa. Jambo zuri sana. Lakini akaunti iwe ya mteja! Kuna fundi mmoja hapa mjini ameweka kompyuta za watu wote kwenye barua pepe yake mwenyewe. Mteja akigombana naye, au simu yake ikiibiwa, leseni za mtaa mzima zimepotea kwenye mfuko wa mwizi. Mfundishe mteja akaunti yake, neno la siri alichague mwenyewe, wewe tazama pembeni.

Mzee Yasini akachukua simu yangu, akampigia Zuhura.

"Zuhura. Mimi mjomba wako." Akanitazama. "Huyu Mngoni wako amekula kisamvu changu chote." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, leseni yako imetoka. Yangu ninayo, ilikuwa hapa hapa ubavuni. Chukua yako ufanye kazi, umtunze dada yangu. Lakini siku nyingine unanipigia wewe. Unaniletea Mngoni nyumbani!"

Sauti ya Zuhura ilikuwa inatoka kwenye simu, inalia au inacheka, sikutofautisha. Nikaichukua simu, nikamwambia aingize kadi yake. Ikakataa mara ya kwanza, akapiga ile namba, akajibu moja, na safari hii ilikuwa kweli, hakuna aliyekata simu. Wakampa namba za kupita. Ikakubali.

Nililala Namasakata kwa sababu mzee alikataa niondoke. Jumamosi nikarudi, nimebebeshwa korosho za kuchoma ambazo nusu nilizila njiani.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikaenda kukaa kwa Zuhura tangu asubuhi. Hakuniita. Nilikwenda kwa sababu mashine ile ilikuwa yangu kama ilivyokuwa yake. Mama alikuwa ameinuliwa kwenye mito, anatazama kioo. Tukangoja. Chai ikapoa. Halafu kishale cha kwenye kioo kikaanza kutembea chenyewe, hakuna mtu aliyegusa mausi.

"Nani anakisogeza?" akauliza mama.

"Mtu wa ofisi, mama. Yuko Dar."

Kishale kikafungua hapa, kikafunga, kikaenda kwenye mipangilio, kikafungua ukurasa wa leseni na kukaa pale. Zuhura alikuwa ameshika mkono wa mama yake ule usiosikia. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi, sijui ya nini. Kikakaa. Kikakaa. Kisha kikafunga ukurasa, kikaondoka, na kioo kikabaki kama kilivyokuwa.

Baada ya muda kengele ndogo ikalia, faili la sauti likaingia, na lingine nyuma yake. Zuhura akavuta kiti, akavaa hedifoni. Akaweka vidole kwenye kibodi, halafu akakumbuka kwamba mimi nipo, akavua upande mmoja wa sikio.

"Kaka Kastori, ahsante. Sasa toka nje. Haya ni ya siri."

Mimi, niliyekwenda mpaka Namasakata! Nikamtazama mama anitetee. Mama akanionyesha mlango kwa ule mkono mzima.

Nikatoka, nikafunga mlango vizuri, nikakaa barazani. Ndani vidole vya Zuhura vikaanza kugonga kibodi.